Salamu za Kalunde Ndani ya Kompyuta

Ungetaka kumjua Kalunde, ungemkuta dirisha la kadi la kliniki yetu ndogo pale Mwingi, akimsalimia kila mgonjwa kwa jina, na mimi dirisha la pili nikigawa dawa. Kwa wale waliotoka mbali alichora kikombe cha chai kwenye kona ya kadi, kwa penseli. Siku hizi nani ana muda huo?

Mwaka wa 1999 kadi zilifungiwa stoo, ikaja kompyuta. Kalunde akanuna.

"Hii kitu haina salamu," alimwambia Ndolo, fundi aliyetengeneza programu.

Ndolo akamwonyesha mchezo. Kwenye nafasi ya maelezo ya mgonjwa, ukiandika alama fulani, mashine haizisomi kama maneno. Inazitii kama amri. Ukishahifadhi, amri inarudi kila faili likifunguliwa, hata afungue nani.

Wa kwanza kuwekewa salamu na Kalunde alikuwa Arbaco, mjane wa mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye sote tulimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Ukifungua faili lake, KARIBU AYEYO ilijaa skrini nzima kwa herufi za kijani. Bibi wa watu alikuwa akizunguka meza ya daktari kuitazama, anacheka.

Asubuhi moja alikuja kifua kikimbana. Daktari Musyoka, aliyekuwa mgeni kwetu, alifungua faili. Salamu ikatokea, ikafunika mstari mwekundu uliokataza asidungwe penisilini. Akaandika penisilini. Nilikuwa nimeshaishika chupa Kalunde alipotoka kumsalimia Ayeyo. Yeye aliujua ule mstari kwa kichwa; akaipokonya mkononi mwangu.

"Ni salamu yangu imefunika, daktari," alisema huku akilia. "Ningeua huyu mama nikimkaribisha."

Musyoka hakumgombeza. Ndolo ndiye aliyekiona.

"Ati mtu yeyote anaandika hapo na mashine inafuata tu?" daktari alimfokea.

Ndolo akarekebisha. Tangu siku hiyo, lolote lililoandikwa pale lilibaki maandishi.

Ayeyo aliporudi, faili likaonyesha vialama tu mahali pa salamu.

"Mashine imenikasirikia?" aliuliza.

Kalunde alitoka dirishani, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza habari za wajukuu, mbuzi na mvua mpaka foleni ikanung'unika. Alifanya hivyo kwa kila mgonjwa hadi alipostaafu.

Juzi nilienda pale kutibiwa. Msichana wa dirishani aliniuliza namba bila kuinua macho, nikamkumbuka Kalunde mpaka machozi yakanitoka.