Walichofundishwa Nyuma ya Madarasa

Mume wangu alipojiunga na mafunzo ya mgambo hapa Nyakisasa, nilikuwa wa kwanza kumpigia sare yake pasi. Asubuhi walipita barabarani wakikimbia na kuimba, nasi tuliokuwa mashambani tukaacha majembe tuwatazame. Gwaride walilifanyia kwenye uwanja wa shule, kila mtu aliliona. Ila jua likishapanda, askari aliyewafundisha aliwapeleka nyuma ya madarasa, na mtu akisogea anafukuzwa. Nikimuuliza mume wangu wanafundishwa nini kule, jibu lake ni, "Kazi." Mimi mtu akinificha jambo sishikiki, lakini hapo niliambulia patupu.

Mchana mmoja alilala baada ya mazoezi. Nikamgusa bega aje ale. Kabla hajafumbua macho alikuwa ameshanidaka mkono, ameupindia mgongoni, goti lake kiunoni mwangu na uso wangu kwenye mkeka. Aliponitambua akaniachia, akaniomba radhi sana, kisha akala maharage yake. Basi ndipo nikaijua hiyo kazi. Niliogopa, nisiseme uongo.

Niliyemhofia hasa ni mdogo wangu wa kiume, muuza ndizi. Alilelewa na bibi yetu karibu na mpaka, na Kihangaza chake, lugha yetu ya huku, kimechanganyika na Kirundi. Akiongea sokoni, wageni humgeukia wakidhani ni Mrundi. Tena ana hasira kama zangu. Nikawaza, huyu akidakwa vile atajitetea, na akijitetea watamvunja.

Siku ya kufunga mafunzo tuliitwa wote. Vijana walivunja vigae kwa viganja, wakaruka moto, tukapiga makofi. Afisa wa polisi aliyekuja kuyafunga, mtu wa mbali asiyejua mambo ya huku, akasema siku hizi polisi hawana siri kwa wananchi, aliye na swali aulize. Nikasimama.

"Shikamoo, afande. Tunaomba tusomewe utaratibu waliofundishwa. Mtu anakamatwaje, na ndugu zake wanaambiwa lini?"

Akatabasamu. "Swali zuri. Wewe mama ni mwenyeji wa wapi?"

Kabla sijajibu, wifi yangu akadakia kutoka upande wa wanawake. "Huyo Mrundi, afande, yeye na mdogo wake wa ndizi. Tuliwaokota mtoni."

Watu wakacheka. Wifi ananitania hivyo tangu niolewe, harusini na hata msibani, na mimi namwita mwizi wa mboga. Kwetu hata mtoto mdogo anajua maneno ya wifi si ya kushika. Afisa hakucheka. Alimnong'oneza mtu aliyekaa pembeni yake, kisha akaniambia nikae. Swali langu hakulijibu. Nikakaa.

Siku ya soko iliyofuata mgambo walimwendea mdogo wangu penye ndizi zake. Nilipofika mbio, mkono wake ulikuwa umepindwa mgongoni, goti kiunoni, shavu juu ya ndizi zilizopondeka. Aliyemshika ni mume wangu. Nikauliza wanampeleka wapi. "Utaratibu unafuatwa, mama," mmoja wao akasema, wakampakia kwenye gari. Nilikwenda kituoni siku hiyohiyo, wakaniambia hawana mtu kama huyo.

Kesho yake wifi alikuja analia. "Nilikuwa nakutania tu, wifi yangu."

"Najua," nikamwambia. Nilijua kweli, ila sikumpa kiti.

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni, bado na sare yake. Alisubiri mpaka dada yake akaondoka. "Usirudi kituoni," akasema. "Wakisema na wewe uhakikiwe uraia, atakayetumwa kukuleta ni mimi."

"Ukitumwa, shika mkono uleule," nikamjibu. "Umeshauzoea."

Nikavaa kandambili, nikampita pale mlangoni, nikaenda kituoni.