Uongo wa Mkizi Hai

Pale Salale, mtu akitaka kujua kolekole wanakula wapi na saa ngapi, alikwenda kwa Saadi Fikirini. Miaka thelathini alikuwa akivua kwa mshipi kwenye midomo ya mito ya delta. Alichosema juu ya samaki hakikubishiwa. Yeye mwenyewe alilijua hilo, tena alilipenda.

Ndiyo maana siku mwalimu Gaudens alipoteremka gatini na kisanduku cha vyambo vya bandia kutoka Dar es Salaam, watu walimtazama Saadi kwanza. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, kwao Mahenge, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kufundisha pale. Akatoa samaki wa plastiki, mrefu kupita kiganja, mgongo mweusi, tumbo rangi ya chungwa, ndoana zinaning'inia.

"Mzee Saadi, huyu atafaa kwa maji yetu?"

Saadi akamgeuzageuza. "Mwalimu, huyu wa kuvulia au wa kupeleka posa? Kwa ukubwa huu kolekole akimwona si atampisha njia!"

Gati zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, ila kidogo tu. "Basi chukua ukamjaribu. Fundi ni wewe."

Saadi alimjaribu kweli. Ilikuwa mwezi wa nne, mto umeshusha tope, na wiki nzima vyambo vyake vidogo vilikuwa havijaguswa. Alipohakikisha yuko peke yake nyuma ya mikoko, akamfunga yule samaki mkubwa, akamrusha pale maji ya tope yanapokutana na maji ya bahari, akamvuta taratibu. Mrusho wa tatu, mshipi ukamchoma vidole. Alipomaliza kupigana alikuwa na kolekole wa kilo kumi na mbili mtumbwini.

Akakaa anahema, na akaelewa. Kwenye maji machafu vile, kitu kidogo hupita bila kuonekana, lakini kikubwa kinachotikisa maji samaki hukisikia kwa mbali. Isitoshe, mkizi wa msimu ule, samaki ambao kolekole huwala, walikuwa na ukubwa ule ule wa plastiki ya mwalimu. Mwalimu alikuwa amechagua vizuri.

Gatini watu wakamzunguka. Mrisho, kaka wa mkewe, ndiye aliyeuliza. "Shemeji, huyu kala chambo gani?"

Saadi alimwona mwalimu nyuma ya watu, amenyoosha shingo.

"Mkizi hai," akasema.

"Na yule wangu?" mwalimu akauliza.

"Yule alinasa kwenye mizizi siku ya kwanza, Mwalimu. Kapotea."

Jioni ile Mwanasiti, mkewe, alifungua mkoba wa uvuvi kutafuta kisu. Akamkuta samaki wa plastiki, rangi ya ubavuni imekwanguka. Maneno ya gatini yalikwisha kumfikia. Akamrudisha mahali pake, akafunga mkoba. Saadi alikuwa akimwangalia.

Mwalimu aliweka kisanduku chake juu ya kabati, akaacha kuja gatini. Wavuvi wa mshipi, wao, wakaanza kuhangaikia mkizi hai. Mrisho ndiye aliyehangaika kuliko wote. Kila maji yakipwa alishuka topeni na kimia, wavu mdogo wa kurusha, akiwafuata mkizi katikati ya mizizi ya mikoko. Siku ya nne akakanyaga chaza, wakampasua unyayo. Mguu ukavimba, homa ikapanda, watu wakampeleka hospitali kwa boti kushonwa.

Saadi alikwenda kumjulia hali. Alimkuta kibarazani, mguu umefungwa bendeji.

"Nilikosea wapi, shemeji?" Mrisho akamwuliza. "Mkizi niliwapata, nikawatia ndoana wazima, hakuna samaki aliyewasogelea. Labda siwafungi sawasawa. Nikipona unionyeshe."

Saadi hakuweza kuutazama ule mguu, wala uso wa mwenye mguu. Akasema, "Inshallah," akaaga. Siku tatu akapita njia ya nyuma ili asionekane kutoka kibaraza kile.

Siku ya nne Mwanasiti akamwambia, "Baba Yasmini, kaka yangu anajiona mjinga. Utamwacha hivyo mpaka lini?"

Saadi akachukua mkoba, akampitia mwalimu bila kumwambia kwa nini, wakaenda wote kwa Mrisho. Akamweka samaki wa plastiki juu ya mkeka.

"Sikutumia mkizi. Nilitumia huyu. Nilikwisha kumcheka Mwalimu mbele za watu, nikaona haya kusema alikuwa sahihi."

Mrisho akasema, "Na mguu huu, shemeji?"

"Umeumia kwa sababu yangu. Nisamehe."

Mrisho akageukia ukuta. Mwalimu, ambaye angeweza kukasirika, akainamia yule samaki, akaupitisha ukucha kwenye mkwaruzo. "Ulimvuta upesi au polepole?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Polepole," Saadi akajibu. "Tope likiwa zito, usichukue aliye mdogo kuliko huyu."

Mrisho alipona, na baada ya Idi alirudi majini, chambo kimoja kikubwa cha mwalimu kikiwa mwisho wa mshipi wake. Anavua na watu wengine. Akikutana na shemeji yake humpa mkono, humwuliza habari za Mwanasiti na za watoto. Habari za samaki hajamwuliza tena.