Dufu ya Waziri kule Masako

Watu wengi Kisangani wanasema wanajua kupiga dufu. Wanajidanganya. Mie tonton wenu Sefu, baba mudogo wenu, nilikuwa wa pili katika muji huu muzima, na wa pili kwa sababu ya Waziri tu.

Waziri alikuwa fundi viatu, mufupi, masikio kama sahani. Kwenye maulidi sisi wengine tulipiga ile ngozi pa, pa, kama watu wanatwanga majani ya pondu. Ye alilamba kidole gumba, akakikokota polepole juu ya ngozi, na dufu ikanguruma, muzito, mupaka ukasikia tumboni. Madina, bibi yake, alisema ni mama-mukwe anakoroma. Kila arusi wanawake walimuomba: "Waziri, lalisha mama-mukwe." Mie nilijaribu miaka mingi. Dufu yangu ilitoa sauti ya bata.

Mwaka wa sitini na ine, wakati askari wa serikali waliponyanganya waasi Wasimba muji, tulikimbilia pori ya Masako. Ndege zao za vita zilikuwa zinapita juu. Donc basi, hakuna moto: moshi ungewaonyesha marubani pa kupiga mabomu. Constant, karani wa reli wa Lubunga, ndiye alichunga hiyo sheria. Mutu akigusa kiberiti, anamunyanganya. Tulikula muhogo mubichi. Madina akashikwa na homa kali.

Asubuhi moja akamwambia bwana yake: "Papa Waziri, mama yako hajakoroma tangu tutoke kwetu. Alikufa?"

Waziri akachukua dufu. Ngozi ilikuwa imekunywa unyevu wa pori, imelegea, na bila moto haikazi. Akakokota kidole: sauti ni kama ya kupangusa meza. Akaiingiza ndani ya shati, kwenye tumbo, ipate joto. Jasho tu.

"Leta hapa," Madina akasema. "Mie iko moto kupita jiko."

Tukamulazia dufu juu ya kifua. Kweli, kidogo kidogo ngozi ikakauka, ikakaza. Waziri akalamba kidole, na mulio ukatoka, mudogo, wa sisi watatu tu. Madina akacheka.

"Bon. Iko muzima, muchawi yule. Rudilia."

Akarudilia. Kila alipoacha, Madina alimuomba tena, kisha akamuomba kwa macho tu.

Adhuhuri sauti ikaanza kushuka. Mie ndiye nilisikia kwanza, masikio yangu hayadanganywi. Ngozi ilikuwa inalegea. Nikashika mukono wa Madina. Ulikuwa unapoa, pumzi hakuna.

"Waziri, ndugu yangu, acha."

"Bado. Itapanda tena."

Akakokota, akakokota, mupaka ikawa kupangusa meza.

Constant ndiye alileta kuni, ye mwenyewe, akawasha kiberiti. Waziri akaotesha dufu mupaka ngozi ikakaza kabisa, akamupigia bibi yake mulio ule mukubwa wa arusi, ukajaa pori. Moshi ukapanda juu ya miti.

Ndege haikukuja.