Kipande cha Uzi wa Galiana

Ermeseni alikuwa jirani yetu, mfuma sufu, mwanamke wa maneno mengi. Haya alinisimulia mwenyewe tukichambua sufu, kwa hiyo mkiniona nayajua sana, msishangae.

Binti yake Galiana alipokuwa mdogo alishikwa na homa kali, miguu ikamlegea. Ermeseni akafanya tunavyofanya sote: akamlaza chali, akampima kwa uzi wa kitani kutoka utosini hadi kisiginoni, akaweka nadhiri. Uzi huo ungekuwa utambi wa mshumaa mrefu sawa na mtoto, nao ungewaka mbele ya mfupa wa mkono wa Mtakatifu Veriana, kule ng'ambo ya milima.

Njiani kwenda huko, kwenye mvua, kamba ya kiatu ikamkatikia. Ermeseni akakata kipande cha ule uzi, akafungia kiatu.

“Mtakatifu si muuza vitambaa,” akajiambia. “Atapima ili iweje?”

Aliporudi baada ya kuuwasha mshumaa, alimkuta mtoto ameketi anadai mkate. Tulilia kwa furaha. Ila mguu mmoja ulikuwa umepona hadi kifundoni tu. Wayo ulilegea, ukawa unaburuta. Ermeseni akautazama, akajua: uponyaji ulikuwa umeishia pale uzi ulipoishia.

Wakati huo hakumwambia mtu, hata padre. Alichofanya ni kuukanda wayo ule kila jioni kwa mafuta, hata binti alipokuwa mchumba wa mtu.

“Mama, mimi si kichanga!”

“Nyamaza, nikukande.”

Ijumaa moja, wiki za mwisho kabla ya harusi, Galiana alisukuma bakuli pembeni kama kawaida yake ya Ijumaa. Kijiji kizima tulimsifu kwa kufunga.

“Kula, mwanangu. Mwenzio atadhani anaoa fimbo.”

“Siwezi, mama. Nilimkosea Mtakatifu.”

“Wewe? Ulimkosea nini, na ulikuwa mtoto?”

“Siku ile uliponipima, uzi ulinitekenya, nikajikunyata. Kipimo kikawa kifupi. Niliogopa kukwambia.” Akaushika wayo wake. “Haya ni makosa yangu mwenyewe.”

Ermeseni aliniambia kwamba hapo shetani alimwonyesha mlango ulio wazi: nyamaza tu, binti ameshaubeba mzigo, ameuzoea. Alikuwa ameshachovya mikono kwenye mafuta ya kukandia; ikabaki humo.

“Hukujikunyata,” akasema. “Mimi ndiye niliyeukata uzi.” Akaeleza yote, mvua na kamba na yale maneno ya muuza vitambaa.

Galiana akauficha wayo wake chini ya gauni.

“Kwa hiyo ulitembea kwa mguu wangu.”

“Ndiyo.”

“Na Ijumaa zote hizi unanitazama nakaa na njaa, unanisifu kwa majirani?”

“Sikujua sababu, mwanangu. Naapa kwa Mtakatifu, sikujua.”

“Habari ya kiatu uliijua.” Akavuta bakuli, akala mbele ya mama yake, taratibu, machozi yakimdondokea kwenye supu. Alipomaliza akasema, “Ijumaa ijayo utafunga wewe.”

Ermeseni alifunga Ijumaa hiyo, na zilizofuata zote, mpaka tukamzika. Galiana hakuwahi kumwambia sasa yatosha.