Hicho Kwapani ni Nini?

Saa moja na robo asubuhi, kwenye dirisha la chumba cha taa, mwanamke mfupi mwenye buti kubwa kuliko miguu yake anakabidhi mtaimbo wake kama mama anayemwacha mtoto siku ya kwanza ya shule. Anautoa, anaurudisha kifuani kidogo, kisha anautoa tena.

"Lete huku, wewe," anasema mzee anayegawa taa za kofia. "Siuli."

"Usiulaze kwenye maji."

"Jana niliulaza kwenye maji? Nenda zako, Mama Gonga. Unachelewesha foleni."

Foleni inacheka. Mama Gonga anavaa taa yake na kuelekea kwenye kizimba kinachowashusha watu mgodini. Mikono yake haijui pa kukaa. Anaitia mfukoni, anaitoa, mwishowe anaifunga nyuma ya mgongo kama mwalimu mkuu anayekagua bustani.

Ana miaka arobaini na minne, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza akigonga dari za mahandaki. Ndiyo kazi iliyompa jina. Kabla watu hawajaingia mahali penye mwamba mpya, yeye hutangulia na mtaimbo, hugonga juu, husikiliza. Dari nzima hulia ngli, kama kengele. Dari iliyoachana na mwamba wa juu yake hulia du, kama ngoma. Ukisikia ngli, unaingia. Ukisikia du, unaangusha kilicholegea, au unaondoka ukiwa bado na miguu ya kuondokea.

Leo anashuka mikono mitupu, na kilichomponza ni shule.

Anasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa miamba ya migodini, masomo yaliyopangwa kwa watu walio kazini: darasa la mtandaoni kila Jumamosi, wiki mbili chuoni kila muhula, na mwishoni utafiti ambao mwanafunzi anaufanyia mgodini kwake. Mume wake, fundi cherehani, huwaeleza wateja kwa ufupi.

"Anasomea kujua jiwe litakaa au litashuka," husema huku akipiga pasi. "Mimi nilidhani hilo alikuwa analijua tayari. Kumbe nilioa mtu nusu."

Alikuwa analijua. Shida ni kwamba kujua kwake hakukuwa na mahali pa kuandikwa. Fomu ya kufunga eneo la hatari mgodini ina mstari mmoja chini kabisa: sahihi ya mhandisi wa miamba. Shahada yake ya kwanza, aliyoisotea jioni kwa miaka saba, inamruhusu kushauri tu. Mstari ule si wake.

Miaka kumi na moja iliyopita aligonga dari ya Njia ya Saba, ikalia du. Akamwambia msimamizi wa zamu. Msimamizi akampigia simu mhandisi aliyekuwa ofisini juu, kisha akampa Mama Gonga simu aeleze mwenyewe. Mhandisi akauliza neno moja: "Ngapi?"

"Nikabaki nimeshika simu," anakumbuka. "Ngapi nini? Mimi nilikuwa na du. Nikamwambia, bosi, imelia du. Akasema, dada yangu, du haiingii kwenye fomu."

Watu wakaingia. Saa nane mchana kipande cha dari kilishuka, wala si kikubwa, kama meza ya kulia. Mlipuaji baruti aliyekuwa akipanga waya alipoteza mguu wa kushoto chini ya goti. Ndiye huyo mzee anayegawa taa. Yeye huwaambia wageni kwamba tangu siku ile kila akinunua pea ya viatu, kimoja ni cha akiba. Kila mtu hucheka. Mama Gonga huinama kufunga kamba za buti, hata kama zimefungwa.

"Yule mhandisi hakuwa mtu mbaya," anasema. "Aliniuliza swali zuri. Mimi ndiye sikuwa na jibu."

Kwa hiyo akaenda kulitafuta. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, na mwezi wa kwanza wawili kati yao walimwamkia shikamoo wakidhani ni mhadhiri. Aliitikia. "Ningefanyaje? Walikuwa wana adabu," anasema.

Utafiti wake ni wa nyufa. Mwamba wa mgodini umejaa nyufa, na kila ufa una upande unaoelekea. Ukipima nyufa nyingi kwa dira na kuzichora kwenye chati, unaweza kukokotoa kipande gani kinaweza kuchomoka, kisha ukajua boliti za kushikilia dari zichimbiwe kuelekea wapi. Mama Gonga alipima nyufa mia tatu na kumi na mbili. Zilimchukua miezi mitano, saa mbili kila siku baada ya zamu, wakati wenzake wakiwa wameshaoga.

Somo la kwanza la dira linafahamika: isikaribie chuma, maana chuma huivuta sindano. Kwenye daftari lake sentensi hiyo ameipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Na aliitii kwelikweli. Alisimama mbali na boliti. Betri ya taa aliizungushia mgongoni, tena mbali. Mkanda wenye bizimu ya chuma aliuvua, suruali akaifunga kwa kamba ya katani.

Akamaliza, akaandika, akatuma rasimu kwa Profesa anayemsimamia. Ukurasa wa sitini na moja aliweka picha yake akiwa kazini, na chini yake maelezo: Mtafiti akipima mwelekeo wa ufa, mbali na vyuma vyote.

Rasimu ilirudi na maoni machache, maana Profesa si mtu wa maneno mengi. Pembeni mwa picha ile aliandika: "Hicho kwapani ni nini?"

"Nilisoma mara tatu," anasema Mama Gonga. "Nikamwita mume wangu aje asome na yeye."

Fundi alikuja na futi shingoni, akainama juu ya picha. "Si mtaimbo wako huo?"

"Ndiyo."

"Basi mjibu ni mtaimbo. Mbona unalia sasa?"

Alikuwa amebana kilo nne za chuma kwapani, inchi chache kutoka kwenye dira, kwa miezi mitano. Hakuusahau mtaimbo. Hakujua kwamba anao. Mtu aliyegonga dari miaka kumi na tisa hauoni tena kama kitu, ni sehemu ya mkono. Kama angeubana vilevile kila mara, hesabu moja ingeweza kuondoa kosa lote. Lakini mara ulikuwa kwenye kwapa la kulia, mara la kushoto, mara katikati ya magoti akiandika.

Na hapo kulikuwa na mlango wa kutokea. Picha ilikuwa na giza. Kilichoonekana ni kitu chembamba tu, kama fimbo. Wapo wengi wanaotembea mgodini na fimbo ya mbao ya kupimia. Neno moja, "fimbo", na mambo yangeisha. Mahafali yalikuwa baada ya miezi miwili, na juu ya meza ya fundi kitambaa cha gauni la siku hiyo kilikuwa kimeshakatwa.

Mume wake alikitazama kitambaa, akamtazama mkewe. "Mteja akirudi suti imembana," akasema, "simwambii amenenepa. Hata kama amenenepa. Napima upya."

"Nyufa mia tatu, baba watoto!"

"Na kumi na mbili," akamkumbusha.

Lakini si suti iliyompa jibu. Anasema aliifikiria dari. "Zamani sikuwa na namba, mtu akaumia. Sasa nina namba, na ni za uongo. Hii ya pili ni mbaya zaidi, maana safari hii wangeniamini."

Akamwandikia Profesa: Ni mtaimbo. Wa chuma. Nilikuwa nao siku zote.

Kesho yake simu ikalia. "Mama," akasema Profesa, "zote?"

"Zote."

"Hakuna hata siku moja uliyouacha?"

"Profesa, mimi siuachi hata nikienda chooni."

Upande wa pili kikasikika kitu ambacho Mama Gonga anaapa kilikuwa kicheko, ingawa mwenyewe Profesa amekana. Chuo kikampa wiki tisa za kupima upya, kikasema hakuna nyingine. Asipowasilisha ifikapo Ijumaa wiki hii, anaondolewa kwenye masomo, na miaka mitatu ya Jumamosi inakwenda na maji. Leo ni Jumanne. Zimebaki nyufa ishirini na tano.

Chini, mita mia nne na kumi, kijana wa zamu aitwaye Mrefu anatangulia kugonga dari kwa ajili yake. Ngli. Ngli. Ngli. Mama Gonga anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vidole vikichezacheza hewani.

"Gonga pale pembeni tena."

"Nimeshagonga, Mama."

"Umepapasa. Gonga."

Ngli. Kisha Mrefu anarudi nyuma na mtaimbo wake. Wamekubaliana hatua kumi.

"Hizo ni nane!"

"Nane zangu ni kumi na mbili zako," anajibu Mrefu, lakini anaongeza mbili.

Hapo ndipo anaanza. Anaweka dira, anasubiri sindano itulie, anasoma kwa sauti, anaandika. Kila baada ya nyufa tano anajipapasa makwapa yote mawili kama mtu aliyepoteza funguo. Saa nne na nusu anaandika ya mia tatu na kumi na mbili, anafunga daftari, anakaa juu ya jiwe.

Vipimo vipya vimeshaonyesha jambo. Kundi kubwa la nyufa, lile lenye hatari, limegeuka nyuzi kumi na saba kutoka lilipokuwa kwenye rasimu ya kwanza. Kwa namba za zamani, boliti zingepita sambamba na ufa badala ya kuukata. Zingekaa humo ndani, zimenyooka vizuri, hazijashika chochote.

Kabla ya kupanda, anamtaka Mrefu apige picha mpya ya ukurasa wa sitini na moja. Anashika dira kwa mkono mmoja. Mkono mwingine anauinua juu kabisa, kiwiko nje, kwapa wazi.

"Mama, nani anapima hivyo?"

"Piga tu. Profesa atanielewa."

Ijumaa anawasilisha. Mwezi ujao atautetea utafiti wake mbele ya watu watatu, na akipita, mstari wa chini wa ile fomu utakuwa wake. Anasema hatauacha mtaimbo wala hataacha kusikiliza. Ila dari ikilia du, atatafuta na namba yake, aziandike pamoja. "Na mtu akiniuliza ngapi, nitamwambia ngapi. Kisha nitasaini, na haingii mtu."

Saa sita kasoro yuko tena dirishani kwenye chumba cha taa. Mzee anauleta mtaimbo. Ameufuta ukang'aa, lakini anaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Mzee anatikisa kichwa taratibu, anahamishia uzito kwenye mguu wake mzima. "Siku utakayosaini fomu ya kwanza, kalamu nitaleta mimi."

Mama Gonga anaupokea mtaimbo na kuubana kwapani, bila kujua kwamba ameubana.

"Iwe ya plastiki," anasema.