Mchoro wa Toroli Uliokataa Kufunguka

Shule niliiacha darasa la sita na sijawahi kurudi kuitafuta. Anayetaka kujua nilisomea wapi nitampeleka mtaa wa Kaptembwo, nimwonyeshe ukuta niliokuwa nauegemea nikimtazama fundi mmoja akichomea milango ya maduka. Nilikuwa nashika chuma upande huu, yeye anachomea upande ule, na macho yangu yanatoka machozi kwa ule mwanga kama ya mtu aliyefiwa. Leo nyumba nyingi mpya za Lanet zina milango iliyotoka mkononi mwangu. Nyumba yangu mwenyewe iko huko huko, na geti lake watu husimamisha gari kuliangalia. Sisemi kwa kujigamba. Geti lipo, nenda ukalione.

Kompyuta nayo niliinunua bila kushauriwa na mtu, nilipoona kwamba wateja wakubwa hawaji tena karakanani kwangu. Sisi mafundi wa vyuma tunafanya kazi kwa sampuli. Mtu analeta kiti cha zamani, unakigeuza, unakipima, unachora chini kwa chaki, na baadaye kiti kingine kimesimama kando ya ndugu yake. Lakini mashamba ya maua hayaleti sampuli. Yanatuma imeli. Basi nikaweka kompyuta ofisini, mke wangu akaifumia kitambaa cheupe chenye maua ya zambarau, kama alivyofumia redio, makochi na hata mtungi wa gesi, tukawa na ofisi kamili.

Asubuhi ninayoikumbuka, simu ililia nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa madam anayesimamia ununuzi katika shamba moja la maua karibu na Kamere, kule ziwani Naivasha.

"Mzee, nimekutumia mchoro. Ni toroli za kubebea maua kutoka grinhausi. Nataka bei yako kabla ya saa nane, niingie nayo kwa mkutano."

"Saa nane ni mbali, madam."

"Si mbali. Watu wa Nairobi wameshatuma yao."

Kazi hiyo niliihitaji, na sioni haya kusema. Mvua ilikuwa imesimamisha ujenzi kila mahali, na asiyejenga hanunui geti. Mafundi wangu walikuwa wanashinda wakinoa vifaa vilivyokwisha kunolewa. Mkubwa wao, mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe tangu hajui kushika nyundo, alikuwa ameanza kufagia mahali ambapo amekwisha kufagia. Mwanaume akifika hapo, ujue roho yake imeshatoka nje kutafuta kwingine. Sikumfundisha miaka yote hiyo nije nimpe tajiri mwingine bure.

Nikafunua kitambaa upande wa kioo, nikawasha kompyuta, nikaifungua imeli. Barua ilikuwepo na chini yake faili la mchoro limening'inia. Nikalibonyeza. Badala ya mchoro, ukatokea ule uwanja mweusi wa programu ya kupigia nyimbo, na kamstari kake chini kametulia tuli. Nikangoja. Nikaongeza sauti. Hakuna kitu.

Nikampigia. "Madam, hapa naona umenitumia muziki, na wenyewe hauimbi."

"Muziki gani, mzee? Mimi nimetuma mchoro, PDF. Wacha nikutumie tena."

Akatuma tena. Ukaja uwanja ule ule mweusi. Nikazima kompyuta, nikaiwasha upya, ukaja tena. Mke wangu, ambaye duka lake la rangi limeshikana na ofisi yangu, akaja akaishika kwa kiganja kama anayepima mtoto homa.

"Ina joto hii."

"Itakosaje joto na umeivisha sweta?"

Akakikunja kile kitambaa cha zambarau, akakiweka kando. Joto lilishuka, lakini mchoro haukufunguka.

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea mji mzima. Mimi nina jenereta, kwa hivyo wenye simu zisizo na chaji walikuwa wanaingia kwangu kama zahanati. Mmoja wao alikuwa jirani mwenye saiba, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, kijana aliyesomea kompyuta na ambaye siku hiyo mashine zake zote zilikuwa zimelala. Akachomeka simu yake, akainama juu ya bega langu.

"Boss, hiyo ni virusi. Tufute kila kitu, tuanze upya. Jioni itakuwa imepona."

"Jioni? Mimi nina saa nane."

"Basi huna mashini."

"Wewe ukiumwa na jino unakatwa kichwa?"

"Mimi ndio nimesomea hii kitu, boss."

"Na mimi ndio nimeinunua."

Akacheka, akakaa kwenye benchi kungoja chaji yake na aibu yangu. Simlaumu. Mtu akikuona na mikono yenye makovu ya moto anafikiri kichwa nacho ni cha chuma.

Mke wangu akaniambia niutume mchoro kwenye simu yake. Nikamtumia. Ukafunguka, ila simu ile ni ndogo na imechoka. Ukikuza picha uone vipimo inakuonyesha nusu ya gurudumu, ukitafuta nusu nyingine inaganda. Tuliizima na kuiwasha, ikaganda hapo hapo.

"Naweza kukisia," nikasema. "Toroli ni toroli."

"Ukikisia juu, wa Nairobi wanachukua. Ukikisia chini, umetoa sadaka na bado wanaume wako wanataka kula," akasema. "Tafuta ugonjwa."

Neno hilo ndilo lililonirudisha kwenye akili zangu, maana kutafuta ugonjwa ni kazi yangu. Mashine ya kuchomea ikikataa kutoa moto, fundi mjinga anaifungua yote. Mimi naanza kwa kuuliza nani ana hatia: umeme, waya, kijiti cha kuchomea, au chuma chenyewe kimeshika kutu? Na njia ya kuuliza ni moja. Unachukua kitu unachokishuku, unakipeleka mahali pazima. Kikifanya kazi kule, umekionea. Unarudi ulikotoka.

Basi mchoro nilikuwa nimeshaupeleka mahali pengine. Kwenye simu ulifunguka, hata kama ulifunguka vibaya. Kwa hivyo mchoro ni mzima, madam hana kosa. Nikatafuta kwenye imeli kitu cha zamani, kadi ya harambee ya kanisa, nayo PDF, niliyowahi kuifungua mwenyewe na kuisoma hapa hapa. Nikaibonyeza. Ikaja uwanja mweusi wa nyimbo.

"Umeona?" nikamwambia jirani. "Hata ile iliyokuwa inafunguka sasa inapelekwa kwa nyimbo."

"Ni virusi imesambaa."

Nikabonyeza wimbo wa kweli, ule tunaofungulia kazi kila asubuhi. Ukaimba vizuri. Nikafungua picha ya geti langu. Ikatokea, nzuri kama lilivyo geti lenyewe. Virusi gani vinachagua hivyo? Mashine ilikuwa nzima, nyimbo nzima, picha nzima. Kilichoharibika ni hapo tu inapoamua faili la aina hii impe nani. Ilikuwa kama karani anayepokea wageni mlangoni na kila mzee anayekuja na karatasi anamsukuma chumba cha kwaya.

Nilipofika kwenye kwaya nikakumbuka. Mwalimu wa kwaya ya kanisani kwetu alikuwa amenitumia karatasi ya nyimbo za mavuno, PDF vilevile, mimi nikitaka kusikia zitakavyoimbwa. Nilipobonyeza, kompyuta iliniuliza kwa Kizungu ifungue na nini. Nikaichagulia ile ya kupigia nyimbo. Chini yake palikuwa na kijisanduku kidogo kinachouliza kama iwe hivyo daima. Nikaweka tiki. Mimi si mtu wa kuulizwa neno moja mara mbili. Nyimbo hazikuimba, nikadhani mwalimu ametuma vibaya, nikaendelea na kazi zangu.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo ni wewe."

"Niliiamuru, ikatii. Wafanyakazi wa hivyo ni wachache."

"Sawa, tajiri. Iamuru tena, saa zinaenda."

Nikaushusha mchoro kutoka kwenye imeli, nikaubonyeza kwa kitufe cha kulia, ambacho watu wengi wanacho kwenye kipanya na hawajawahi kukigusa. Ikatoka orodha. Nikatafuta pale panapouliza ufunguliwe na nini. Jirani alikuwa ameshainuka kwenye benchi.

"Hapo, boss. Hiyo nyekundu ndio ya kusomea."

"Naiona."

"Na uweke tiki."

"Hiyo sasa naijua kuliko wewe."

Mchoro ukajaa kioo kizima. Toroli yenyewe, magurudumu manne, sakafu mbili za kuwekea ndoo za maua, kila kipimo kimeandikwa mahali pake. Nikamwita yule fundi mkubwa, akaja na ufagio mkononi, tukapiga hesabu ya mabomba na magurudumu, mke wangu akichapa kwa vidole vyake vya dukani. Saa nane haijafika, bei ilikuwa imeondoka.

Simu ikalia. "Mzee, hii faili yako haifunguki."

Jirani akanitazama kwa uso wa mtu aliyerudishiwa zamu yake. Mimi nikavuta kiti nikakaa vizuri.

"Madam, umeibonyeza hapo hapo ndani ya imeli?"

"Ndiyo. Inazunguka tu."

"Usiifungulie hapo. Ishushe kwanza kwa mashini yako. Umeshusha? Sasa ibonyeze kwa kulia. Si kushoto, kulia. Kuna mahali panakuuliza ifunguliwe na nini."

"Napaona."

"Chagua ya kusomea. Soma swali kwanza, usikimbilie tiki."

Mke wangu akakohoa. Nikasikia kibodi cha madam, halafu karatasi ikitoka kwenye printa.

"Imefunguka. Mzee, nani amekufundisha hizi vitu?"

"Mashini ya kuchomea, madam."

Akacheka, akasema anaingia mkutanoni. Tukangoja. Jirani chaji yake ilikuwa imejaa zamani lakini hakuondoka, na mimi sikumfukuza. Shahidi ni kitu kizuri. Mke wangu alikaa akigeuza kile kitambaa cha zambarau, akihesabu mahali pa kuacha tundu ili mashine ipumue. Nje yule fundi mkubwa alikuwa amerudia kufagia, polepole, karibu na dirisha.

Simu ilipolia niliiacha ilie kidogo. Tajiri haruki.

"Leta moja tuijaribu kwa grinhausi," akasema madam. "Ikipita kwenye njia bila kugonga mimea, zingine ni zako."

"Itapita."

"Una hakika?"

"Mimi nimeuona mchoro, madam."

Nikatoka nje kuwaambia mafundi, lakini dirisha lilikuwa wazi na maneno yalishanitangulia. Ufagio ulikuwa umeegemezwa ukutani, na fundi wangu mkubwa alikuwa ameinama chini na chaki, anachora gurudumu la kwanza.