Matabishi ya Mama Mkwe

Nilipogusa uvimbe kwenye ziwa langu la kushoto, mtu wa kwanza kumwambia alikuwa mama mkwe wangu, maana mume wangu angezimia. Mama hakuzimia. Alilitazama gunia la mwisho la mchele, akasema liuzwe lote, twende hospitali ya Kasongo. Huku kijijini kwetu Wamaza hatuna bima ya afya, tuna mchele.

Tulisafiri watatu juu ya pikipiki moja, mimi nimebanwa kati ya dereva na mama, ambaye aliimba njia nzima kwa sauti mbaya sana. Kesho yake, hospitalini, bei ya eko, ile mashine inayoonyesha ndani ya mwili, ilimeza karibu pesa yote. Ilibaki ya kuturudisha nyumbani tu. Nililala kitandani.

Muganga, mwanamke wa makamo, alitazama mashine kwa muda mrefu. "Ni maji tu imejikusanya, mama. Hakuna kitu mubaya."

Nilicheka kama mwehu. Hata blauzi niliivaa nyuma mbele.

Hapo ndipo mama mkwe akaanza. Sokoni kwetu, ukinunua mchele, muuzaji hukuongezea konzi moja ya bure. Hiyo ndiyo matabishi, na mama hajawahi kuondoka sokoni bila konzi yake.

"Muganga, siye tumelipa muzuri, hatukuomba bei ishuke. Sasa matabishi yetu iko wapi? Angalia na maziwa yangu kidogo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Muganga alicheka mpaka akafuta machozi.

"Mama, mashine haina matabishi. Lakini mikono yangu ni ya bure. Lala hapa."

Alianza kumbonyeza akiwa bado anacheka. Kisha vidole vikarudi palepale mara ya pili, na ya tatu.

Nilikimbia sokoni nikauza kitenge changu kipya cha ibada nilichokuwa nimejitanda, eko ya pili ikalipwa. Kulikuwa na kivimbe kigumu, kibaya, lakini bado kidogo. Muganga alisema tumekiwahi. Baadaye kilikatwa, mchele wa msimu mzima ukaishia huko, na leo mama ni mzima kabisa, kazi yake kulalamika kwamba sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi.

Lakini siku ile, tukirudi nyumbani juu ya pikipiki, nilimuuliza kama alikuwa akijua.

"Nilijua tangu kupanda mupunga," alisema mgongoni kwangu. "Lakini gunia ilikuwa ya mutu mumoja. Na wewe uko na batoto badogo."

Nililia na kumgombeza kwa wakati mmoja, kwa kelele nyingi, mpaka dereva akasimamisha pikipiki, akidhani tumeangusha mzigo.